Ankole Ana kwa Ana: Ng'ombe wa Wafalme Bado Yuko Karagwe na Kyerwa

Jamani, picha zinampunja! Miaka yote nimekuwa nikimwona ng'ombe wa Ankole kwenye kalenda za ukutani na kwenye simu za watu, nikadhani namjua. Simjui hata kidogo. Mnyama huyu ni wa kusimama mbele yake, kwenye nyasi za Karagwe, jua likiwa bado la asubuhi. Hapo ndipo utakapoziona pembe zile zikipanda kutoka kwenye utosi, zikitanuka, zikipinda taratibu, kisha zikielekeana ncha kwa ncha huko juu ambako kwa ng'ombe wengine hakuna kitu ila hewa. Nimetoka kumwona kwa mara ya kwanza na naandika damu ikiwa bado inachemka. Hukumu yangu naitoa mapema: huyu ndiye mnyama wa kufugwa mzuri kuliko wote Tanzania, na Watanzania walio wengi hawajui kwamba ni wa kwao.

Wengi wakisikia Ankole, akili inakimbilia Mbarara, Uganda. Hawajakosea sana. Jina limetokana na ufalme wa Nkore, na Wahima wa kule wamemtangaza ng'ombe huyu kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini mpaka wa kikoloni ulikuja nyuma sana, ng'ombe wakiwa wameshazoea malisho ya pande zote mbili. Vilima ni vile vile, watu wana undugu, Kinyambo cha Karagwe na Kinyankole cha ng'ambo vinasikilizana, na kote kote ng'ombe ni ente. Ukivuka Mto Kagera pale Murongo, wilayani Kyerwa, unaingia Kikagati, Uganda, na ng'ombe wa huku na wa kule ni wa ukoo mmoja. Upande wa magharibi mto huo huo unaitenga Kyerwa na Rwanda, ambako ndugu zao wenye pembe kubwa kupita kiasi, waliokuwa fahari ya wafalme, huitwa Inyambo. Kyerwa yenyewe ni wilaya changa, ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa ng'ombe, hizi bado ni nchi moja.

Sasa niwaeleze nilichokiona. Kundi lilikuwa linashuka kwenda majini, kwenye bonde moja la Kyerwa, na kabla sijaona mwili wa ng'ombe hata mmoja niliona pembe juu ya majani, zinakuja. Zilikuja taratibu, zikiyumba kidogo kushoto na kulia kwa mpigo mmoja. Halafu vikatokea vichwa. Ankole hatembei amekiinamisha kichwa, anakibeba. Shingo imepanda, pua imeinuka, na uzito wote ule umetulia katikati ya utosi utadhani hauna kilo hata moja. Miguu ni mirefu, mgongo umenyooka, na nyuma ya shingo pana nundu ndogo ambayo kwa majike unaweza kuipita bila kuiona. Dume alikuwa wa mwisho kutokea. Nilimtazama nikasahau kuvuta pumzi.

Na rangi! Wengi wao walikuwa wekundu waliokolea, ile rangi ambayo wafugaji wa ukanda huu huiita bihogo, na ngozi inang'aa hadi unashawishika kuwa mtu ameamka alfajiri akawapaka samli. Walikuwepo wa gaju, kahawia iliyofifia, na weupe wachache, na mmoja mwenye mabaka ya maziwa ubavuni. Mfugaji wa hapa ana jina la kila rangi, la kila mpangilio wa madoa, la kila mkunjo wa pembe. Ng'ombe akipotea anaelezwa kwa maneno matatu manne tu, na mtu aliye bonde la tatu akimwona anapita anajua huyu ni wa fulani.

Walipofika majini ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna kalenda inayoweza kukuonyesha. Mahali pa kunywea palikuwa pembamba na wote walikuwa na kiu. Pembe zilianza kugongana, ko, ko, ko, sauti kavu na nyepesi, ya kitu chenye uwazi ndani. Nikajua sasa mtu atatobolewa jicho. Wapi! Mtamba mmoja alitaka kupita katikati ya mbuguma wawili waliokuwa wanakunywa. Alisimama. Akakilaza kichwa upande, pembe moja ikashuka hadi karibu na tope, nyingine ikasimama wima, akapenya kati yao bila kumgusa yeyote, akakinyoosha kichwa tena na kuanza kunywa. Ng'ombe huyu anazijua pembe zake hadi nchani. Anajua upana wake wote, na anautumia kuipima dunia anayopita ndani yake.

Mwenye kundi, mzee mrefu aliyevaa koti zito na kushika fimbo iliyosuguliwa ikang'aa, alishaniona nilivyokodoa macho. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akacheka. "Njoo umshike, mwanangu. Huyu hana neno." Akamkuna chini ya kidevu jike mmoja aliyezeeka, na yule jike akafumba macho. Nikaweka kiganja kwenye shina la pembe.

Ni ya moto! Sikutegemea. Pembe nilizoea kuiona kama kitu kilichokufa, ukucha tu ulioota kichwani. Hii ilikuwa na joto la mwili mzima, tena shina lenyewe nene kiasi kwamba viganja vyangu viwili havikuweza kulizunguka. Nikapandisha mkono pole pole na joto likapungua, likapungua, hadi karibu na ncha ikawa baridi na laini. Ndani ya gamba hilo kuna mfupa wenye vijitundu tele kama sega la asali, na ndani ya mfupa damu inazunguka. Damu yenye joto inapanda kutoka mwilini, upepo unaipiga kupitia pembe, joto linatoka, damu inashuka ikiwa imepoa. Kwa hiyo lile taji la urembo ni chombo cha kupoza mwili, na ng'ombe anaweza kuchunga mchana kutwa juani bila kuhangaika kama yule aliyeletwa kutoka nchi za baridi.

Kwa ukubwa, huko duniani mambo yamefika mbali. Dume mmoja wa Marekani wa ukoo huu huu, aliyeitwa CT Woodie, alipimwa Septemba 2004 na mzunguko wa pembe yake ukakutwa sentimita 103.5, akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Zaidi ya mita moja kuizunguka pembe moja! Ng'ombe wa Karagwe hawafiki huko, wala sioni haja wafike. Wa hapa wanatembea kilomita nyingi kutafuta majani, na pembe zao zinalingana na miguu yao.

Ametoka wapi kiumbe huyu? Hapa ndipo mambo yanaponoga. Ankole ni wa kundi ambalo wataalamu huliita sanga, na sanga ni mkutano wa safari mbili ndefu. Safari ya kwanza ni ya ng'ombe wasio na nundu, ambao binadamu alianza kuwafuga Mashariki ya Karibu yapata miaka 10,000 iliyopita. Ukitazama michoro ya makaburi ya Misri ya kale utawakuta ng'ombe wa pembe ndefu wakiswagwa kando ya Mto Nile. Safari ya pili ni ya zebu, ng'ombe wa nundu, ambaye chimbuko lake ni bonde la Mto Indus, Pakistan ya leo, na aliyeingia Afrika kupitia Pembe ya Afrika. Wakakutana, wakazaliana. Mwaka 2020 jarida la Nature Genetics lilichapisha uchunguzi wa jenomu za ng'ombe 172 wa asili wa Afrika, na watafiti wakakadiria kwamba mchanganyiko mkubwa wa damu hizo mbili katika Pembe ya Afrika ulitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Rudi sasa kwenye ile nundu ndogo niliyosema unaweza kuipita bila kuiona. Ndiyo saini ya zebu. Pembe na mgongo ulionyooka ni urithi wa yule wa Nile. Mnyama mmoja, safari mbili, na historia yote imeandikwa kwenye mwili wake wazi wazi!

Jamaa zake wa mbali ni Nguni wa Afrika Kusini na Tuli wa Zimbabwe, ambao nao ni sanga. Lakini ni huku kwenye Maziwa Makuu pembe zilipoachiwa zikaota hadi zikawa hivi. Pale Ntusi, Uganda, si mbali sana na Karagwe, wanaakiolojia wamefukua makazi makubwa ya kati ya karne ya 11 na ya 15 yenye vilima vya taka vilivyojaa mifupa ya ng'ombe. Watu wa ukanda huu wamekuwa watu wa ng'ombe kwa muda mrefu sana.

Nikiwa namtazama yule dume nilimkumbuka mbwa wa Thailand mwenye mstari mgongoni, yule ambaye manyoya ya katikati ya mgongo yanaota kuelekea mbele badala ya nyuma. Ni mbwa adimu na Wathai wanamwonea fahari kubwa. Shirikisho la Kimataifa la Mbwa, FCI, limemsajili kwa namba 338, sifa zake zikiwa zimeandikwa moja moja, kuanzia masikio hadi mkia. Kilichomhifadhi mbwa yule ni umbali. Alikaa mashariki ya Thailand ambako njia zilikuwa mbaya na mbwa wa kigeni hawakufika kuchanganya damu. Ankole hakubahatika kuwa na kificho kama hicho. Karagwe ilikuwa njia kuu! Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili iliyotoka Tabora kwenda Buganda ilipita hapa hapa, na Kafuro, karibu na ikulu ya Karagwe, palikuwa kituo cha wafanyabiashara. Kilichomweka Ankole alivyo ni macho ya watu. Kizazi baada ya kizazi mtu alisimama zizini jioni, akatazama, akasema huyu atapanda, huyu hapana. Uzuri huu umetengenezwa, tena na Wanyambo na Wahima wa nchi hii, kwa makusudi.

Ushahidi? Nenda Bweranyange. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya ufalme wa Karagwe chini ya Wahinda, ukoo ambao mapokeo yanautoa kwa Ruhinda. Mfalme aliyejulikana zaidi nje ni Rumanyika, aliyewapokea wasafiri wa Kizungu John Hanning Speke na James Grant mwezi Novemba 1861, na Henry Morton Stanley mwaka 1876. Speke aliandika habari za ikulu inayoishi kwa maziwa, ambamo wake wa wakubwa walinoneshwa kwa maziwa hadi wakashindwa kusimama, na kunenepa huko ndiko kulikuwa uzuri. Stanley aliingizwa kwenye nyumba ya hazina na kukuta humo, kati ya mikuki na ngoma, sanamu za shaba za bata na za ng'ombe.

Lakini hazina iliyonigusa mimi ni ng'ombe wa chuma. Wahunzi wa Karagwe walifua sanamu ndogo za ng'ombe kwa chuma, zikatunzwa pamoja na vifaa vya ufalme. Mapokeo yanamhusisha Ndagara, baba yake Rumanyika, na kazi hiyo ya uhunzi, na mtafiti Hamo Sassoon aliziandikia makala nzima mwaka 1983 kuhusu wafalme, ng'ombe na wahunzi wa nchi za Maziwa Makuu. Nimezitazama picha zake kwa muda mrefu. Mhunzi hakuhangaika na uso wala kwato. Nguvu zake zote alizipeleka kwenye pembe: ndefu, zimepinda, zimeinuka. Chuma kile kile cha jembe na mkuki, kilichohitaji tanuri na mivukuto na watu wa kushinda motoni, kikapewa umbo la ng'ombe. Mfalme angeweza kuagiza simba, simba walikuwepo. Akaagiza Ankole! Na mhunzi yule angefufuka leo akasimama nami kwenye lile bonde la Kyerwa angemtambua kila mnyama aliyekuwa akinywa maji pale.

Tena ni bahati tu kwamba bado wapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka kaskazini, ikafyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na Karagwe ikapigwa vibaya mno. Fikirini ufalme ambao chakula chake, mahari yake, urafiki wake na heshima yake vyote viko zizini, na zizi likabaki tupu. Watu walipungua, malisho yakaota vichaka, na vichakani wakaingia mbung'o. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyeandika historia ya Karagwe pamoja na R. de Z. Hall mwaka 1947, alionyesha jinsi nchi ya ng'ombe ilivyogeuka nchi ya mbung'o baada ya msiba huo. Ilichukua miongo ya kufyeka vichaka na kupambana na mbung'o hadi mifugo ikarudi kwenye mabonde yale, na baadaye zikaja ranchi za serikali kama Kitengule na Kikulula. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, shukrani kubwa zikiwa za chanjo ambayo Walter Plowright aliitengeneza Muguga, Kenya. Kwa hiyo kila Ankole unayemwona leo ni wa uzao wa wachache waliosalia. Mimi jambo hili linanisisimua mwili.

Haya, tabia. Nilitarajia mnyama mkali, maana mwenye silaha kama zile angeweza kuwa mbabe wa nyika. Ni mpole ajabu. Mzee yule hakumchapa hata mmoja. Aliwaongoza kwa mluzi na kwa kuwaita, na walipokuwa wamesimama watoto wadogo walipita chini ya shingo zao. Ndama anazaliwa mdogo, kati ya kilo 14 na 23 tu, na ndiyo maana majike hawa huzaa bila taabu na ni nadra kuhitaji msaada. Wafugaji wa Marekani, ambao wana daftari lao la kusajili aina hii tangu 1983, wanaeleza kwamba usiku kundi huwalaza ndama katikati na wakubwa wakalala pembeni kuwazunguka, pembe zikielekea nje. Mwili wa mbuguma una kilo zipatazo 430 hadi 540, na dume aliyekomaa anaweza kupita 700. Nyama yake ina mafuta kidogo. Majani makavu ya kiangazi, ambayo ng'ombe wa maziwa wa kigeni angeyatazama akalala njaa, yeye anayageuza kuwa mwili.

Maziwa ni kidogo. Niseme kweli, maana kumsifia mnyama kwa uongo ni kumdhulumu. Baada ya ndama kunyonya utapata lita moja, mbili, si zaidi ya hapo kwa ng'ombe wa kawaida. Lazima ndama aletwe kwanza anyonye kidogo, ndipo mama aachilie. Lakini onja! Nilipewa kwenye chombo cha mbao kilichochongwa kutoka gogo moja, kile wanachokiita ekyanzi, ambacho ndani hufukizwa moshi wa majani maalumu kabla ya kukamulia. Maziwa yalikuwa mazito, ya manjano kidogo kwa mafuta, na harufu ya moshi ilibaki kooni muda mrefu baada ya kumeza. Samli inayotoka humo inanukia nyumba nzima. Mtu aliyezoea maziwa ya pakiti atajiuliza amekuwa akinywa nini siku zote.

Kasoro nyingine ziko. Anachelewa kukua, mtamba huzaa mara ya kwanza akiwa amevuka miaka mitatu. Pembe zinadai nafasi, kwa hiyo lori la mnadani linabeba wachache. Kupe hawamwogopi, na ndigana kali bado inaua ndama, ingawa aliyezaliwa na kukulia hapa huivumilia mikoa ya kupe kuliko mgeni. Josho na dawa anavihitaji kama wengine.

Na kasoro hizo ndizo zinazomtia hatarini, hasa ile ya maziwa. Friziani mmoja aliyelishwa vizuri anaweza kutoa kwa siku moja maziwa ambayo Ankole atayatoa kwa wiki. Ada ya shule hailipwi kwa mkunjo wa pembe, na ardhi ya malisho inapungua kila mwaka kwa mashamba ya kahawa, migomba na maharage. Simlaumu mfugaji anayepandishia Friziani. Ningekuwa na watoto watano ningefanya vivyo hivyo. Ndama wa kizazi cha kwanza ni chotara mzuri mwenye pembe za wastani. Wa pili ana pembe fupi. Wa tatu hana cha kumwonyesha mhunzi wa Bweranyange. Vizazi vitatu tu, jamani, kufuta kazi ya mamia ya miaka! Na damu ya Ankole halisi ikishaisha kwenye boma haiwezi kununuliwa tena dukani. Chotara mwenyewe anaihitaji: ustahimilivu wake wa jua na kiangazi ameutoa kwa mama yake, na mama akipotea chotara naye ataanza kufa.

Wengine wameshaamka. Cyril Ramaphosa, kabla hajawa rais wa Afrika Kusini, aliwaona Ankole wa Rais Yoweri Museveni wa Uganda mwaka 2004 akapagawa nao. Sheria za Afrika Kusini hazikuruhusu kuingiza ng'ombe hai kutoka Uganda, basi ikatumika njia ya viinitete kupitia Kenya, hadi ndama wakazaliwa kwenye shamba lake la Ntaba Nyoni huko Mpumalanga. Mwaka 2017 akatoa kitabu kizima cha picha zao, Cattle of the Ages. Leo Ankole wanauzwa kwa mnada Afrika Kusini kwa fedha ambazo mzee wa Kyerwa akitajiwa anadhani unamtania. Rwanda nao wanawatunza Inyambo wao kwenye jumba la kifalme la Rukari, Nyanza, wanaimbiwa mashairi ya sifa mbele ya wageni, na wageni wanalipa kiingilio.

Sisi tunao Bweranyange yenye historia hiyo yote. Tunazo hifadhi mbili za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019, moja ikibeba jina la mfalme yule yule wa ng'ombe. Mtalii anakuja Karagwe kutafuta swala na nyati, anampita Ankole barabarani na kumpigia honi asogee! Ningekuwa na sauti wizarani ningeomba mambo mawili tu. Kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa 2025 inavyoendelea kuvisha ng'ombe hereni, Ankole halisi waandikwe kama Ankole, wajulikane wako wangapi na wako wapi. Na mbegu za madume bora wa Karagwe na Kyerwa zihifadhiwe, mfugaji akitaka kurudisha damu azipate kwa mtaalamu wa uhimilishaji kama anavyozipata za Friziani.

Nawe msomaji, usisubiri. Ukifika Bukoba chukua gari la kwenda Karagwe kupitia Kyaka, shuka Kayanga, ulizia makundi yanachungwa wapi msimu huo. Ukitaka Kyerwa, pitia Omurushaka uendelee kuelekea Nkwenda na Murongo. Wakati mzuri ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, makundi yanapokusanyika kwenye maji. Fika asubuhi au jioni, amkia kabla ya kutoa simu, omba ruhusa ya kupiga picha, na ukikaribishwa maziwa usikatae. Usiulize mtu ana ng'ombe wangapi, haulizwi hivyo.

Kwa wafugaji wenyewe, wazee wetu wa Karagwe na Kyerwa, nina ombi moja na nalitoa kwa heshima zote. Chotara fugeni, maziwa yauzeni, watoto wasome. Lakini katika kila boma abaki dume mmoja wa Ankole asiyechanganywa, pamoja na majike wachache wa kumpandishia. Nawasihi, msimuuze huyo.